Jicho la Bibi na Mwezi wa Mjomba

Juzi tulipomzika mjomba Magesa, alisimama mzee mmoja wa pale mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapoegeshwa kando ya ziwa, akavua kofia, akasema marehemu aliujua mwezi kuliko walimu wote wa shule ya msingi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa mkekani na wafiwa wenzangu, kitenge kiunoni, nikameza mate. Msibani watu hawabishani. Lakini sasa matanga yameanuliwa, nimerudi kwangu mjini, Nyasho, na nimechoka kumeza mate. Mjomba hakuujua mwezi. Alijua unatoka saa ngapi na unazama saa ngapi, hilo simnyang'anyi. Mwezi wenyewe hakuujua hata kidogo, na kutoujua kwake kulimgharimu mtu jicho.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka ile miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, kitambaa cha sare foleni, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Mama alikuwa hapahapa Nyasho akiuza maandazi siku ngano ikipatikana, na isipopatikana akiuza viazi vya kuchemsha. Alipoona nakonda akanipeleka kwa mama yake kijijini, kule ufukweni upande wa Suguti, akisema kijijini ukikosa sukari hukosi samaki. Na kweli hatukuwakosa. Nilikula dagaa mpaka nikiwa darasani mwenzangu anajua jana usiku tulipika nini.

Bibi alikuwa na mabinti wengi na mwana wa kiume mmoja tu, huyo Magesa, anayemfuata mama yangu. Alikuwa kiongozi wa mtumbwi wa dagaa. Kwa asiyeijua kazi hiyo, dagaa wa kwetu wanavuliwa gizani kwa taa. Unawasha karabai, unaziacha zielee, dagaa wanakuja kuushangaa mwanga, nawe unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mkubwa, hawana habari na taa yako. Mwanga uko ziwa zima, waje kwako kufuata nini? Kwa hiyo siku za mwezi mitumbwi inavutwa nchi kavu, wanaume wanashona nyavu na kugombana. Na mafuta ya taa miaka ile yalikuwa yanatafutwa kama dawa, kwa hiyo mtu wa kuwaambia wenzake leo msiwashe, mtachoma mafuta bure, alikuwa mtu wa maana sana. Mjomba ndiye aliyekuwa mtu huyo. Hakuwahi kukosea siku. Basi watu wakamsikiliza kwa kila jambo la mwezi, hata yale asiyoyajua, na balaa lilianzia hapo.

Nilipofika kwa bibi macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Mboni ilikuwa na weupe katikati. Alikuwa ananimiminia chai pembeni ya kikombe, halafu anauliza kama imejaa. Alikuwa akisifiwa mwalo mzima kwa kuchambua dagaa, haachi chembe ya mchanga, na sasa tulikuwa tunatafuna mchanga kimyakimya na kumwambia asante bibi, tumeshiba. Mimi alinitambua kwa kunipapasa nywele. Siku moja alimpapasa mtoto wa jirani, akamwita jina langu, akamwambia nimekuwekea kiazi. Yule mtoto akala kiazi changu bila aibu yoyote.

Ugonjwa huo unaitwa mtoto wa jicho, na hata wakati ule ulikuwa unatibika. Lakini mjomba alikuwa na maelezo yake, na ubaya wake yalikuwa maelezo yenye akili. Wavuvi wa dagaa wanaotazama karabai usiku kucha macho yanawawasha, yanakuwa mekundu kama pilipili. Ya mjomba mwenyewe yalikuwa hivyo. Alikuwa anasemaga, "Kakarabai kadogo kananifanya hivi. Sasa ule mwezi unaozishinda karabai zote za mwalo huu, ule si moto?" Bibi alikuwa ameshuka mwaloni alfajiri maisha yake yote kuanika dagaa, mwezi wa mwishomwisho ukiwa bado unaning'inia juu. Kwa hiyo, kwa hesabu za mjomba, mwezi ulikuwa umeyapika macho yake polepole kwa miaka mingi. "Yai likiiva linakuwaje?" anauliza. Watu wanajibu, linakuwa jeupe. "Haya, hospitali gani inaweza kulirudisha yai lililoiva?" Hata mimi niliona ni kweli tupu. Watoto wa kijiji kile tulikuwa tunacheza mbalamwezi tumejifunika kanga kichwani macho yasiive, tukigongana kama vipofu, na kuna mwenzetu aling'oka jino.

Shuleni tukaletewa mwalimu mpya, Mwalimu Tekla, msichana ambaye hata hakuwa amemzidi umri mama yangu mdogo. Ndiye aliyetuambia kwamba mwezi hauna mwanga wake. Mwanga ule ni wa jua, unaupiga mwezi na kuturudia sisi. Vifaa shule haikuwa navyo, hata chaki tulikuwa tunagawana vipande. Akatoka nje, akaazima kifuniko cha sufuria ya uji, akasimama mlangoni, akalinasa jua na kulirushia ukutani juu ya ubao. Duara jeupe likatetemeka pale. Akasema, "Kifuniko kinawaka?" Tukasema hapana. "Haya, na mwezi ni hivyohivyo."

Nilirudi nyumbani nimejaa mwezi. Ila kichwani mwangu ulikuwa umeshageuka kifuniko kabisa. Niliamini kuna mtu anausugua kwa mchanga na majivu mpaka ung'ae, akichoka unaanza kushika masizi upande mmoja, na yale madoa meusi ni ukoko wa ugali uliogoma kutoka. Nilikaa na imani hiyo muda mrefu, na sikumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Ukweli nimeujua ukubwani na ulinikera, maana ni mwepisi mno. Mwezi haujasuguliwa na mtu. Ni mawe na vumbi, tena la rangi ya kiza, kama lami kuukuu ya barabara ya Bunda iliyokwanguliwa na malori. Mwanga mwingi unaoupiga unaumeza wenyewe, unaturudishia kidogo tu. Unaonekana mweupe kwa sababu jua linaupiga sawasawa huku anga lote linalouzunguka ni jeusi. Chukua karabai, iwashe saa saba mchana uwanjani, uone kama kuna atakayegeuka kuitazama. Iwashe usiku, itaonekana ng'ambo ya ziwa. Karabai ni ileile. Na mwezi huohuo ukiukuta juu asubuhi, watoto wakienda shule, unafanana na kipande cha wingu kilichosahauliwa. Mjomba alikuwa na karabai nyumbani kwake, tena zaidi ya moja. Laiti ningekuwa na maneno hayo wakati ule. Nilichokuwa nacho ni kifuniko.

Basi mama akafika siku moja mchana, ameshuka kwenye lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa hata kunywa maji. Kuna madaktari wa macho wanakuja hospitali moja pale Bunda, watakaa siku chache tu na kuondoka. Jirani yake wa Nyasho ana mama mkwe Butiama, alifanyiwa upasuaji mara iliyopita, sasa anatunga uzi kwenye sindano. Lori litapita kesho asubuhi likirudi. Mama, jiandae.

Mjomba akasema, "Haendi."

Ulikuwa wakati wa mwezi mkubwa, kwa hiyo wanaume wote walikuwepo, na kwa sababu hawakuwa na kazi walikuja wote uani kwetu kusikiliza. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Mama akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mjomba akawa anajibu kwa upole ule wa mtu anayejua, ambao mimi unanichefua kuliko matusi. "Dada, mimi simkatazi mama dawa. Ningekuwa mtu wa hivyo? Ila hili jicho limeiva. Wataingiza kisu kwa bure, watamwachia shimo." Na hapo akamrekebishia mama yake kanga begani. Ninamtendea haki kwa kusema hivyo, alikuwa anampenda mama yake. Kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi zaidi kwetu sote.

Nikaona wakati wangu umefika. Nilichukua kifuniko cha sufuria jikoni, nikasimama katikati ya wakubwa, nikasema, "Mjomba, mwezi haupiki macho. Mwezi hauna moto. Mwalimu amesema ule ni mwanga wa jua tu, unarudi." Nikalinasa jua la jioni na kulirusha ukutani. Duara likatokea, zuri kuliko la Mwalimu Tekla. Wavuvi wakaguna. Nikavimba kichwa, nikataka kulisogeza duara lipite mlangoni, na mkono ukateleza, mwanga ukaenda kumwingia mjomba jicho la kulia.

Akajikunyata. Akalifumba jicho, machozi yakamtoka. Halafu akatabasamu, na mimi nikajua nimekwisha.

"Mmeona?" akawaambia wenzake, anajifuta. "Kafuniko ka sufuria kameniliza. Na huyu mtoto anasema ule mwanga ni wa jua, tena kafundishwa na serikali. Mimi siku zote nilidhani mwezi una moto wake mdogo. Kumbe ni jua lenyewe. Jua linachoma mgongo wa mtu mzima, linachoma mpaka majani. Jicho la mama yangu lingeponaje?" Kisha akanigeukia, akanishika bega, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Asante mjomba. Kusoma ni kuzuri."

Ninaandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu na bado napata joto masikioni. Unamletea mtu ukweli, anaupokea kwa mikono miwili, anaushukuru, halafu anautia kwenye uongo wake kama kuni. Mama alinitazama kwa jicho lililosema rudisha hicho kifuniko ulikokitoa. Wavuvi wakaanza kujadili kama kweli mwezi ni jua, mbona haukaushi dagaa, mwingine akasema unakausha ila polepole, mwingine akasema yeye babu yake aliwahi kukausha ngozi ya mbuzi kwa mbalamwezi. Jua likazama. Upande wa pili, nyuma ya vilima, mwezi ukaanza kutoka, mkubwa, mwekundu kidogo, nao wote wakageuka kuutazama, wakabishana kwa kuuonyesha vidole. Mgonjwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake palepale katikati yao. Hakuna aliyemwonyesha kidole yeye.

Akakohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo watu walinyamaza.

"Magesa," akasema, "wewe uliniona lini nikiutazama huo mwezi?"

"Mama, si kila alfajiri ulikuwa—"

"Alfajiri nilikuwa nimeinama. Dagaa wanaanikwa chini, mwanangu, hawaanikwi juu. Nimeinama tangu nilipoolewa mpaka mgongo ukabaki hivi. Huo mwezi niliutazama kwa shingo gani?"

Kisha mvuvi mmoja akacheka, kijana wa mtumbwi wa mjomba mwenyewe, na wengine wakamfuata. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mjomba naye akajaribu kucheka akashindwa. Bibi akamwambia mama amtafutie kanga ya kusafiria, na asubuhi lori lilipopita tukapanda, yeye mbele na dereva, mimi na mama juu ya marobota. Mjomba hakuja kutuaga. Wenzake walikuwa wameshaanza kumwita Bwana Mwezi.

Bunda sitaisimulia sana. Tuliwakuta wagonjwa wamejaa mpaka nje, wengine wametoka Nyasura tu hapo jirani na wengine wametembea kutoka mbali. Walimfanyia jicho moja. La pili, wakasema, watakaporudi mwaka unaofuata, kwa sasa vipofu wa macho yote ni wengi na dawa ni chache. Wakamfunga bandeji. Walipoifungua na kumvalisha miwani minene kama vitako vya chupa, kitu cha kwanza alichokitazama ni mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe una pengo," na akaanza kulia, na mama akalia, na mimi nikalia kwa sababu ya pengo.

Tulirudi kijijini kama tunatoka harusini. Bibi alichambua dagaa siku ileile, akatukaripia sote kwa uchafu aliokuwa haujui. Lakini mjomba hakuwepo. Alikuwa amehamia kambini kwake mwaloni, akawa anapika mwenyewe, hapiti kwetu hata kuchukua moto. Wenzake hawakumwacha. Akisema kesho mwezi utachelewa, kuna mtu anauliza kwa shingo gani, na mtumbwi mzima unaangua kicheko. Wawili walihamia mtumbwi mwingine. Bibi alikuwa anamwekea chakula kila jioni na kila asubuhi anawapa kuku. Alikuwa na jicho jipya la kuyaona hayo yote vizuri.

Halafu mjomba akatokea siku moja amechangamka, anapiga hodi kutoka mbali. Alikuwa amefikiri. Ole wenu mkikutana na mtu aliyekaa peke yake akafikiri. Akauliza, baada ya kisu, madaktari walimfanya nini mama? Walimfunga bandeji, tukasema. Nzito? Nzito. Haipenyi mwanga? Haipenyi. Akapiga paja. "Basi ndicho kilichomponya. Walimzibia mwezi, jicho likapata nafasi ya kupumzika. Kisu kilikuwa cha kuwatisha tu." Na kwa kuwa sasa dawa inajulikana, hakuna haja ya kurudi Bunda. Jicho la pili atalitibu yeye mwenyewe, kwa kulifunga kitambaa cheusi siku zote za mwezi.

Nilimtazama bibi. Nilikuwa nasubiri aseme kitu kama cha siku ile, kitu kimoja tu, tumalizane. Akasema, "Haya, lete hicho kitambaa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila mwezi ukianza kukua, mjomba anakuja jioni, ananawa mikono, anamfunga mama yake kitambaa kwa fundo taratibu lisimvute nywele, wanakula pamoja, wanazungumza. Ule mwezi ukiisha anakuja kumfungua. Akawa anasimulia mwaloni maendeleo ya jicho, na watu, sijui kwa nini, wakaanza tena kumsikiliza. Madaktari waliporudi Bunda mama alituma ujumbe, akatuma mwingine, mwisho akaja mwenyewe. Bibi akasema anaumwa mgongo, hawezi lori. Mwaka mwingine madaktari hawakuja. Maduka yakaja kujaa tena, sukari ikarudi, mafuta ya taa yakawa ya kumwaga, na jicho la bibi likaanza kuuma ndani kwa ndani. Tulipompeleka, wakasema limeshakufa, lingewahiwa lingepona.

Mjomba alisema fundo lilikuwa linalegea.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, namaliza shule, na hasira nilikuwa nayo kama ninayo leo. Nilimkuta bibi anachambua dagaa, uso ameuinamisha karibu na ungo, nikamwambia bila hata shikamoo, "Bibi, wewe ulijua. Siku ile uliwanyamazisha wote. Kwa nini ukamkubalia na kile kitambaa?"

Hakuacha kuchambua. "Siku ile nilimwaibisha mbele ya watu, ikabidi. Ukaona alivyokuwa. Hali kwangu, hasalimii, anaingia ziwani hana mtu wa kumwambia nenda salama." Akatoa jiwe dogo kwenye dagaa, akalitupa pembeni. "Macho ninayo mawili, mjukuu wangu. Mwana wa kiume ninaye mmoja."

Nikamwambia hiyo si sababu. Akasema najua, nipe ungo mwingine.